Magofu Yaliyofagiwa

Ukitaka kuchora magofu, anza na mbingu. Nawaambia nyinyi vijana mnaoitaka kazi hii ya kupaka picha ukutani, maana wengi wenu naona mnakimbilia nguzo kwa sababu nguzo ndiyo tamu. Nguzo ni nyama kwenye pilau. Kila mtu anaiona, lakini pilau ni mchele. Weka mbingu kwanza, toka juu ushuke, na kadiri unavyoshuka punguza bluu mpaka ibaki kama maziwa yaliyotiwa zafarani kidogo. Halafu milima ya mbali, miti, mto, ndipo nguzo. Ng'ombe baada ya nguzo. Majani yanayotambaa juu ya mawe ni mwisho kabisa, na hayo majani ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Mimi nimesoma hadi darasa la nne, Tongoni, njia ya Tanga kwenda Pangani. Mkikuta maneno yamepinda, yanyoosheni wenyewe, nyinyi ndio mliosomeshwa. Kazi nilijifunzia Bladensburg, karakana iliyokuwa nyuma ya reli, miaka ile ya mwishoni mwa tisini. Wakati ule kila mwenye nyumba mpya huku ughaibuni, Maryland, alitaka chumba chake cha kulia kifanane na Italia. Sijui ugonjwa ule ulitoka wapi. Nyumba imesimamishwa juzi kwa mbao na jasi, rangi bado inanuka, lakini ukutani mwenyewe anataka majumba ya mawe yaliyobomoka miaka elfu mbili iliyopita, na ng'ombe wananywa maji mtoni, na mchungaji amejilaza hana habari.

Fundi wangu alikuwa Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mnene mwenye mikono midogo kama ya mwanamke mshona mikeka. Kwao alianza kwa kuandika vibao vya vinyozi. Mwezi wangu wa kwanza nilichora nguzo nikajisifu, vivuli nimevipeleka vingine kulia, vingine kushoto. Akatazama, akachukua kahawa yake, akatazama tena.

"Weye," akasema, "kwenu jua iko mbili?"

Tangu hapo, kabla sijagusa ukuta nauliza dirisha liko wapi, na jua la picha nalitoa upande wa dirisha. Hilo lishikeni.

Mambo mengine aliyonifundisha ni haya. Mstari wa nguzo usiuamini macho yako, ning'iniza uzi wenye chaki. Nguzo zisilingane urefu, na pale zilipovunjika zivunjike kama mkate, si kama mbao iliyokatwa kwa msumeno. Mishipa ya marumaru ichore kwa unyoya wa bata mzinga, uuburuze huku mkono unatetemeka kidogo; ukiwa huna mkono wa kutetemeka, ngoja uzee. Na miguu ya ng'ombe ikikushinda, mpeleke ng'ombe kwenye nyasi ndefu. Hakuna fundi duniani asiyejua njia hiyo.

Ng'ombe nao waliniumbua. Nyumba moja ya Bethesda nilichora kundi zuri kabisa, mwenye nyumba akaja na miwani yake akauliza kwa nini kila ng'ombe amebeba mfuko mgongoni. Nilikuwa nimewatia nundu. Sikujua kuna ng'ombe hana nundu, mimi ng'ombe niliowaona maishani wote walikuwa nazo. Papa Ilunga alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo ya rangi. Na hapo Langley Park nilipokuwa nakaa, bwana mmoja wa El Salvador aliyeuza piza alituagiza nguzo nne, tukamchorea nne, mbili zimevunjika. Akasimama mikono kiunoni. Papa akamweleza ndivyo magofu yalivyo. Yule bwana akasema sawa, amekubali, ila anauliza tutarudi lini kuzimalizia zile mbili.

Nimetoka njiani kidogo. Narudi.

Papa alinipeleka kuziona picha zenyewe, za mabwana wa zamani, kule mjini kwenye jumba kubwa la makumbusho ambalo kuingia ni bure. Tulisimama mbele ya mojawapo tukakaa sana, mpaka mlinzi akaja kutuambia turudi nyuma, maana Papa kidole chake kilikuwa kinakaribia kuwagusa mbuzi waliochorwa. Nguzo imesimama peke yake kwenye uwanda, jua la alasiri limeipiga ubavuni, na mchungaji ameegemea tako la nguzo anapiga filimbi.

Nikamwuliza, "Papa, hapa kazikwa nani?"

"Hakuna muntu. Ilikuwa nyumba ya bamungu yabo."

Sikumwamini. Kwetu Tongoni nguzo ikisimama peke yake porini, chini yake kuna mtu. Wazee wa kale waliwazika wakubwa wao, wakajenga kwa mawe na chokaa, na kichwani mwa kaburi wakasimamisha nguzo. Zipo mpaka leo, nyingine zimelala, nyingine zimeinama kama zinasikiliza. Nasi watu wa baadaye tukawa tunazika pembeni yao, bila nguzo, mawe mawili tu, la kichwani na la miguuni. Baba yangu yuko hapo. Alikufa nikiwa huku, makaratasi yangu hayajatoka; ningetoka nisingerudi. Nilisimama mbele ya ile picha nikaona aibu juu ya mchungaji yule, anaegemea kaburi la watu na filimbi juu.

Kwa hiyo wachungaji wangu mimi hawakuegemea. Niliwasimamisha mbali kidogo, kofia mkononi, na wengine niliwavua viatu. Papa Ilunga alikuwa akipita nyuma yangu anasonya. "Mchungaji yako anaogopa nini? Mulalishe huyo, anachoka." Lakini wateja hawakulalamika. Mmoja alisema mchungaji wetu ana heshima.

Sasa Gaithersburg.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Pangani, Hafidh, kazi yake kompyuta. Mkewe Neema, Mchaga wa Marangu, nesi hospitalini. Walikuwa wamenunua nyumba ile ya kuungana na za jirani, na Neema alikuwa amekata ukurasa kwenye gazeti la mapambo ya nyumba akautunza miezi mingi. Alitaka ukuta wa chumba cha kulia uwe vile. Magofu, mto, ng'ombe, na hasa majani yanayotambaa juu ya nguzo. Hayo majani alikuwa ameyazungushia kalamu nyekundu.

Ndani ya nyumba alikuwemo pia mama yake Hafidh, Bi Mwanaidi. Aliletwa tangu majira ya joto, na sasa baridi ilikuwa imeanza, majani ya miti huko nje yamekuwa mekundu na manjano na watu wanayakokota kwa reki. Siku ya kwanza tulipotandaza magazeti sakafuni alishuka ngazi taratibu, kanga mbili, na juu yake koti la mwanawe ambalo mikono imempita vidole. Akavuta kiti akakaa nyuma yetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi weye?"

"Tongoni."

"Tongoni hii ya kwetu?"

"Hiyo hiyo, bibi."

Akautazama ukuta ambao bado ulikuwa mbingu tupu. "Haya. Chora basi, nione."

Akawa anakuja kila siku. Mtu akikukalia nyuma huku unachora ni taabu, lakini yeye nilimzoea kama redio. Nguzo zilipoanza kutoka akafurahi, akapiga goti lake kofi dogo.

"Enhe. Makaburi. Hawa nao walikuwa Waislamu?"

Papa Ilunga akageuka juu ya ngazi. "Hapana, mama. Ni ba-Roma."

"Basi Wakristo."

"Mbele ya Wakristo, mama."

"Mbele ya Wakristo." Akafikiri. "Maskini. Kwa hiyo hawana hata wa kuwasomea." Na palepale akainua mikono akawasomea Fatiha, wale Warumi, ikiwafaa iwafae.

Siku ya pili au ya tatu akaziita nguzo majina. Ile fupi iliyovunjika kama mkate akasema ni babu yake Hafidh, mtu mfupi na mkali. Ile ndefu ya katikati, iliyopigwa na jua, akasema ni Mzee Shee, marehemu mumewe. "Alikuwa hivi hivi. Akisimama mlangoni giza linaingia ndani."

Hapo ndipo aliponiambia jambo lake. Shaaban ilikuwa imeingia, mwezi wa Ramadhani unakuja nyuma yake. Pangani, kama Tongoni, Shaaban ndiyo watu wanakwenda makaburini. Wanafyeka, wanang'oa, wanafagia mpaka mchanga uwe mweupe, wananyunyiza maji, wanasoma Yasini. Kaburi la Mzee Shee alikuwa analifagia mwenyewe tangu alipozikwa, kwa ufagio wake wa chelewa na panga lake dogo. Mwaka huu yuko Gaithersburg.

"Namwambia Hafidh, babako analala majanini. Ananiambia, mama, tutaona. Mwanangu akisema tutaona, ni hapana iliyovaa kanzu."

Nami nisije nikamsema vibaya Hafidh. Jioni moja alinisindikiza mpaka kwenye gari la Papa, akaniambia upande wake. Bi Mwanaidi alianguka uani kwake Pangani asubuhi moja, akalala hapo chini mpaka jirani alipokuja kuazima kinu. Hafidh habari ilimkuta kazini, hana wa kumwambia ila ukuta. Nyumba ya Pangani kaifunga, ufunguo uko kwa jirani.

"Kufyeka nimeshatuma vijana wafyeke," akasema. "Lakini yeye hataki vijana. Na nikimpeleka, fundi, harudi. Namjua. Atashika nguzo ya mlango pale, hata wavute kumi."

"Sasa?"

"Sasa nangoja msimu upite. Ramadhani ikishaingia atatulia."

Ndio hivyo. Mama anahesabu mwezi usiishe, mwana anaomba uishe upesi. Na mimi kati yao na brashi.

Siku ya mwisho ndiyo ya majani. Papa Ilunga alikuwa na neno lake la majani, alilisema kila ukuta: "Bila majani, ni nyumba yenye kuanguka tu. Na majani, ni wakati yenye kupita." Alisema kweli. Weka mmea mmoja juu ya nguzo na mtu atahisi miaka. Ukishalipata hilo umeipata kazi. Na mimi kwa majani, semeni mtakavyo, nilimshinda Papa mwenyewe. Unachukua sponji ya baharini, si ile ya dukani, unaichovya kwenye kijani cheusi, unaigusagusa, halafu kijani cha ndimu juu yake kwa brashi ndogo kama ya rangi ya kucha, jani moja moja pale jua linapopiga. Siku ile Bi Mwanaidi alikuwa ameenda kupimwa presha. Nilijaza. Yule mfupi nilimfunika mpaka mabegani. Nguzo ndefu nikaipandishia mtambaazi kutoka chini ukaizunguka ukatokea juu, na kichwani nikaotesha kichaka kidogo kama nywele. Neema aliporudi kazini alisimama na mfuko bado mkononi, akasema, "Jamani. Ndiyo hii."

Hata chai hatukumaliza. Bi Mwanaidi akaingia, Hafidh kamshika mkono. Akaangalia ukuta. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeuliza habari za mgonjwa:

"Nani kawafanyia hivi?"

Akajifunika kanga, akapanda juu.

Siku zilizofuata Hafidh alimpigia Papa simu kwamba mama hakai mezani. Anachukua sahani yake anakwenda kula kwenye ngazi, mgongo kaupa ukuta. Mwanzoni Neema alidhani chakula ndicho asichokitaka, akampikia mchuzi wa samaki papa aliyemtafuta mpaka Wheaton. Akala, akashukuru, kwenye ngazi. Wajukuu wakaanza kumfuata kula kwenye ngazi. Neema akabaki mezani na mumewe na Warumi.

Papa akanitupia ufunguo wa gari. "Kwenda weye. Bantu ba kufa ba kwenu bako na kazi mingi."

Nilikwenda Jumamosi. Neema alinifungulia, amefura lakini kwa adabu.

"Fundi, mimi nilichagua picha hii. Nimeingojea. Sasa naambiwa nimeweka makaburi ndani ya nyumba."

"Si makaburi, shemeji. Ni nyumba za miungu ya—"

"Najua ni nini. Mwambie yeye."

Bi Mwanaidi alikuwa ameshuka tayari, na kiti chake. Nikamwamkia, nikatandaza magazeti sakafuni nikakaa, nikamwuliza nifanye nini. Nyinyi mtakaoshika kazi hii jueni, mteja akikasirika usishike brashi kwanza. Kaa chini.

"Mwanangu weye ni wa Tongoni," akasema. "Ukipita mahali ukakuta kaburi limeota hivi, unasemaje?"

Nilijua. Sote tunajua, sijui kwa nini mkono wangu haukujua. Tunasema hawa hawana mtu. Tunasema wamekwisha, au watoto wao wamepotelea mbali huko na wamesahau.

"Basi umeyaandika hayo ukutani kwa mwanangu," akasema. "Kila nikila nayasoma."

Neema, aliyekuwa kaegemea mlango wa jikoni, akaacha kuegemea.

Nikachanganya rangi ya jiwe na rangi ya mbingu nikaanza kung'oa. Kufuta jani ni kazi kuliko kulichora, maana lazima ulifufue lile lililokuwa nyuma yake. Bi Mwanaidi akawa ananisimamia kama nipo shambani kwake.

"Hilo la juu nalo."

"Nakuja, bibi."

"Usikate tu, ng'oa na mzizi. Ukikata litarudi."

"Ni rangi, bibi, haina mzizi."

"Weye ng'oa."

Nikamaliza mfupi. Kwenye nguzo ndefu nilikuwa nimeanza juu, na chini huku nilipokuwa nimepita na maji ya kulainisha rangi palikuwa bado pabichi. Sikumwona alipoinuka. Niligeuka nikamkuta kapiga magoti kwenye magazeti, ncha ya kanga ameifunga kidoleni, anasugua tako la nguzo. Anasugua na kupumzika, anasugua na kupumzika. Koti la mwanawe limeshaingia rangi mkono mzima.

Hafidh aliingia na mifuko ya sokoni. Akaiweka chini.

"Mama. Inuka, tafadhali. Hiyo ni rangi tu."

Hakuinuka. Alimgeuzia uso tu, na uso ule sikuona wazimu ndani yake wala ukaidi.

"Najua ni rangi, Hafidh. Unadhani mie nimekuwa mwehu? Najua babako yuko Pangani." Akarudisha kidole ukutani. "Lakini hili ndilo ninaloweza kulifikia."

Nilishuka ngazi. Kuna wakati fundi anatakiwa kwenda kuosha brashi, hata kama ni safi. Nikaenda kwenye sinki nikafungua maji kidogo. Nikamsikia Hafidh anasema habari za kuanguka, habari za nani atakuwa naye usiku, maneno yote aliyonieleza mimi garini, sasa anayasema kwa mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mama akamjibu moja moja bila kupandisha sauti. Mtoto wa jirani atalala kwake. Uani hatapita bila fimbo.

"Na hutarudi," akasema Hafidh. "Sema kweli, mama. Hutarudi."

Maji yanatiririka, nami naona haya kuyafunga.

Aliyesema ni Neema.

"Kwetu Marangu babu amezikwa mgombani, nyuma ya jiko. Ukienda kuchota maji unampita. Disemba kila mtu anarudi, hata aliye Mbeya, hata aliye na deni, hata asiyeelewana na mama yake. Mwaka wa tatu huu mimi sijarudi, Hafidh. Hujawahi kuniuliza nalalaje Disemba." Akavuta pumzi. "Mkatie mama tiketi. Kama harudi, basi tutajua yuko wapi. Hapa yupo, na hatujui yuko wapi."

Hafidh alikaa kwenye kiti cha mama yake. Akamtazama pale chini na ile kanga kidoleni, halafu naye akashuka magazetini, na suruali yake safi, akaishika ile ncha ya kanga. "Haya, mama," akasema. "Haya. Kabla ya mwezi kuandama." Na hiyo haikuwa na kanzu.

Nikamaliza kung'oa jioni hiyo hiyo. Nguzo zikabaki wazi, na Bi Mwanaidi akanitaka nipige mchanga mweupe chini yake, na kwenye mchanga nivute mistari ile ya ufagio, mnaijua, ile inayopindana kama upinde. Nikavuta. Neema alitazama, akasema picha haifanani tena na gazeti lake, lakini iacheni. Papa Ilunga alipokuja kuiona alitikisa kichwa. "Ile magofu yako inafanana hoteli yenye kufunguliwa leo." Lakini mezani wakala wote, na mimi nikala, wali wa nazi, na Bi Mwanaidi kaukabili ukuta.

Kabla sijaondoka aliniuliza, "Na babako weye? Nani anamfagilia?"

"Alikuwa kaka yangu, bibi. Sasa yuko Mwanza."

"Kwa hiyo hakuna."

"Hakuna."

"Nieleze alipo. Nitashukia Tanga, Tongoni iko njiani."

Nikamweleza. Upite msikiti wa kale uliobomoka, uziache nguzo upande wa bahari, utafute mawe mawili yenye matumbawe, la kichwani kaka alilitoa uani kwetu, lina doa la chokaa niliyoimwaga mwenyewe utotoni nikapigwa. Nikataka kumchorea, akakataa. Akasema maneno yanatosha, karatasi itapotea.

Vijana, kazi hii nimeifanya mpaka mabega yalipokataa. Nimechora magofu Rockville, Silver Spring, na ukumbi mmoja wa harusi ambao sasa ni duka la matairi. Tangu Gaithersburg, majani sikuyachora tena isipokuwa mteja akilia. Wengine waliniona mvivu. Mpambaji mmoja wa majumba aliniambia kazi yangu haina hisia ya wakati. Sikumbishia. Mkija kuingia mahali mkaona nguzo zimevunjika na chini yake pamefagiwa, msiulize aliyechora ni nani. Ulizeni tu aliyekuwa kwenye mawazo yake. Makaratasi yangu yalitoka baadaye, ndiyo, na nauli nikaipata na kuipoteza mara kadhaa, na magoti nayo yakaja na yao. Hayo ni mengine.

Shaaban ile ile haijaisha, simu ilinikuta karakana, asubuhi, Papa Ilunga akanipa huku mkono umejaa rangi. Wakati ule simu ya Afrika ilikuwa na mwangwi, unasema neno na linakurudia sikioni kabla hujajibiwa, kwa hiyo watu walizungumza kama wanaogopana.

"Fundi. Mie Mwanaidi. Nipo Tanga, kwa Mhindi wa simu. Nimetoka Tongoni."

"Bibi. Umefika?"

"Nimefika. Pangani nimeshamaliza, babake Hafidh ni mweupe. Sikiliza, simu inakula. Babako nimemwona. Doa la chokaa lipo. Vijana wamefyeka, wamefagia, tumesoma. Lakini kuna mti umeota miguuni mwake. Wanataka kuukata, nimewaambia wangoje mwenyewe aseme."

"Mti gani?"

"Mkunazi. Mdogo bado. Umefika hapa."

"Hapa wapi, bibi?"

"Hapa kifuani mwangu."

Nilikaa kwenye ndoo. Nikatafuta akilini rangi ya majani ya mkunazi, juu kijani, chini yake kama majivu, nikakuta bado ninayo. Nikamwuliza kama una kivuli.

"Asubuhi hauna maana. Lakini alasiri kivuli chake kinalala juu yake mpaka kichwani."

Maneno yangu yalinirudia sikioni kabla sijajua nimeyasema. "Uacheni, bibi. Msiukate."

"Haya, mwanangu," akasema. "Nitawaambia wafagie chini yake."